Kijana Aliyesoma Azimio

Łódź, 14 Januari 1968

Mdogo wangu Fryma,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji Mendel na Rebeka. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu imetuvamia mapema. Mabomba ya ngazini yaliganda mara tu baada ya mwaka mpya, na tangu hapo tunachota maji kwa jirani wa chini, mama Sobczak, ambaye kila ndoo anatulipisha kwa umbea. Kifurushi chako kilifika salama. Sweta ya kijani imemkaa Witek kana kwamba ulimpima mwenyewe. Aliivaa kanisani Krismasi, watu wakamuuliza kaipata wapi, akawajibu, "Kwa rafiki ya mama, yuko Australia."

Habari kubwa ni kwamba amepandishwa cheo. Sasa ni msimamizi msaidizi kwenye chumba cha ufumaji, na umoja wa vijana kiwandani umemchagua kuwa katibu. Baba yake, marehemu Staszek, katika umri huo alikuwa bado anapaka mabehewa grisi. Amepata na mchumba, Jola, binti wa fundi saa, msichana mwenye adabu zake, akicheka anaziba mdomo. Harusi ni Septemba, Mungu akipenda.

Ningependa kuishia hapo. Lakini zile picha ulizoleta za harusi ya wifi yako, zenye wazee wa ndevu na maandishi ya Kiebrania ukutani, Witek alizikuta kabla sijaziondoa. Akaniuliza, "Mama, huyu rafiki yako ni Myahudi?" Nikasema ndiyo, tulifanya kazi pamoja kabla ya vita. Akasema, "Aa," akaendelea kula. Ni hilo tu. Lakini tangu vita vya Israeli na Waarabu kiangazi kilichopita, watu hapa wameanza kuangaliana pua. Redioni hawasemi Myahudi, wanasema Mzayuni, na kila mtu anaelewa. Nakuomba usilete tena picha za namna hiyo. Andika kwa ufupi, na juu ya bahasha weka jina langu kama lilivyo mlangoni, Kazimiera Wrońska, si vinginevyo.

Usikasirike. Nakubusu.

Dada yako,
Kazia


Melbourne, 6 Februari 1968

Dada Kazia,

Wewe umeganda, sisi tunaokwa. Lami inanata kwenye viatu. Mendel anashinda karakanani na fulana peke yake kati ya pasi za mvuke, akirudi jioni amekuwa mwekundu kama bitiruti. Rebeka amefaulu mtihani wake wa ualimu na sasa anatusahihisha Kiingereza mezani, mimi na baba yake, mpaka tunaogopa kuomba chumvi. Hongera kwa Witek. Hongera kwa mchumba. Mwambie Witek akate nywele, kwenye picha anafanana na mcheza fidla.

Umeniambia nisikasirike. Nimekasirika. "Tulifanya kazi pamoja kabla ya vita"! Kazi gani, dada? Vita vinaanza mimi nina miaka kumi na mitano. Kazi tuliyofanya pamoja ni kulala kitanda kimoja na kugombania mto.

Najua kwa nini ulinyamaza. Mwaka ule aliozaliwa, watu wetu waliotoka kambini wakiwa mifupa waliuawa Kielce mchana kweupe, vita vimeshakwisha. Ningekuwa mimi na mtoto mchanga kifuani, ningeziba mdomo hata paka wangu. Sijawahi kukulaumu kwa hilo. Lakini huyo si mchanga tena, ana ndevu na anaoa. Mendel, ambaye unajua hapendi kulitaja jina lako, anasema mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi hata akibatizwa mara saba. Mimi sisemi hayo. Nasema tu kwamba usipomwambia wewe, atakuja kuambiwa na mtu mwingine, na huyo hatamwambia kwa upendo.

Picha sitaleta. Sweta nitaleta.

Fryma wako


Łódź, 24 Machi 1968

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mabomba yameyeyuka, mama Sobczak amebaki bila kazi. Jola ameanza kushona shela yake mwenyewe, kidogo kidogo, anakuja kwangu Jumapili kwa sababu cherehani yao mbovu. Mikono yangu inaniuma kwenye vifundo lakini si sana.

Mmesikia bila shaka. Wanafunzi wa Warsaw waliandamana, wakala virungu, na sasa wakubwa wanasema nyuma ya wanafunzi wamejificha Wazayuni. Kila kiwanda kimeagizwa kufanya mkutano. Chetu kilifanya Jumatano. Walizima mashine zote saa za kazi. Mimi kelele za mashine nimezizoea kama pumzi, zikizimwa moyo unaniruka. Mabango yalikuwa tayari yameshaandikwa. Unaingia mlangoni unapewa lako. Mimi nilipewa la "Tusafishe Chama," lenye mpini mrefu, nikalishika, maana huwezi kulitupa chini.

Ilikuwa juu ya mhandisi Wajnryb wa chumba cha rangi. Niliwahi kukuandikia habari zake, ndiye aliyeniombea kazi mwaka wa arobaini na saba. Mtu mpole, mikono yake ya buluu mpaka kwenye viwiko hata siku ya Jumapili. Kijana mmoja wa umoja wa vijana alipanda jukwaani akasoma azimio. Alisoma vizuri, sauti inasikika mpaka nyuma. Kwamba wenye nchi mbili moyoni waende kwenye ile wanayoipenda. Kwamba wafanyakazi wa kiwanda hiki hawamhitaji Szymon Wajnryb. Watu wakapiga makofi. Wanawake wa chumba changu, ambao Wajnryb ndiye aliyewahangaikia chekechea ya watoto wao, walipiga makofi na kuangalia viatu vyao.

Kabla ya kutoka mhandisi aligeuza kichwa akanitazama mimi. Si kwa muda mrefu. Akavaa kofia, akapita mlango wa pembeni.

Unaweza kuuliza kama na mimi nilipiga makofi. Nilikuwa na bango mikononi.

Wasalimie wote.

Kazia


Melbourne, 11 Aprili 1968

Dada,

Hatujambo. Kesho jioni Pasaka yetu inaingia, Rebeka anasaga samaki jikoni huku analia, anasema ni vitunguu, kumbe ameachana na yule daktari wa meno. Nitakuandikia siku nyingine.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka Mendel akaniuliza kama kuna msiba. Mhandisi umemtaja jina. Mama Sobczak umemtaja. Bango lako umeninukulia maneno yake, na mpini wake umeniambia urefu. Halafu kuna "kijana mmoja." Upo kiwanda hicho miaka ishirini na moja, unamjua kila mtu na mtoto wake na ugonjwa wake. Huyo tu ndiye hana jina?

Na kwa nini mhandisi, katika ukumbi mzima wa watu waliomgeuka, akutazame wewe?

Kazia, nani alisoma?

Fryma


Łódź, 5 Mei 1968

Fryma,

Mnaendeleaje? Pole kwa Rebeka, mwambie wa meno huwa wabahili.

Ulikuwa umeshajua uliponiuliza. Ni Witek.

Karatasi alipewa na katibu wa Chama siku moja kabla. Alikuja nayo nyumbani, akasimama mbele ya kioo cha kabati, akaisoma kwa sauti mara nyingi apate kuizoea. Mimi nilikuwa nampigia pasi shati la kuvaa. Nilisikia kila neno, na jina la Wajnryb nikalisikia, na shati nikalimaliza, kola na yote, nikalitundika kitini. Niliwaza: akikataa watamuuliza kwa nini. Wakimuuliza, watachimba. Hayo ndiyo niliyowaza, sikufichi kitu.

Baada ya mkutano sikuweza kulala wala kula. Na barua yako ilipofika nikaona hata wewe uliye upande wa pili wa dunia unaniona. Jumapili alikuwa jikoni anang'arisha viatu ampeleke Jola sinema. Nikamuuliza:

"Witek, mhandisi Wajnryb amekukosea nini?"

"Mimi hajanikosea, mama. Hiyo ni siasa."

"Unamjua?"

"Namjua, kwani nani hamjui? Alinifundisha baiskeli pale uani kiwandani."

"Sasa kwa nini hatakiwi?"

Akapumua kama mtu anayemweleza mtoto. "Mama, wale si watu wa hapa. Mtu anaweza kuwa mzuri kabisa na asiwe wa hapa."

"Basi na mimi si wa hapa."

Akacheka. "Wewe? Wewe uliyezaliwa Łódź, hata bahari hujaiona?"

"Wajnryb naye amezaliwa Łódź. Mtaa wa pili kutoka kwetu."

Brashi ikasimama. "Kwetu wapi? Si ulisema wewe ni wa Bałuty na wazazi wako walikufa kwa homa?"

Nikamwambia. Kwamba homa haikuwa homa. Kwamba baba yake alinitoa siku zile za mwanzo kabla Wajerumani hawajatufungia Wayahudi getoni, akanipeleka kwa mama yake karibu na Łowicz, nikakaa nyuma ya jiko la matofali mpaka nikasahau kutembea wima. Kwamba wewe si rafiki yangu. Nilimwambia, "Yule ni mama yako mdogo."

Alikaa na kiatu kimoja kwenye mkono kama glavu.

"Baba alijua?"

"Baba yako ndiye aliyenichagulia jina la Kazimiera."

"Na mhandisi?"

"Alinitambua siku niliyokwenda kuomba kazi. Hajamwambia mtu mpaka leo."

"Kwa hiyo pale jukwaani, mimi ninasoma, yeye anajua."

"Anajua wewe ni nani. Ndiyo."

Akavua kiatu mkononi, akaenda kwenye karo akanawa mikono, akanawa, maji yanamwagika tu. Halafu akasema, bila kugeuka, "Ukanipigia na shati pasi."

Hakwenda sinema. Tangu siku hiyo analala hapa, anakula hapa, ananiambia habari za asubuhi kama unavyomwambia mwenye nyumba.

Sasa umejua. Usiniandikie kwamba ulinionya.

Kazia


Melbourne, 24 Mei 1968

Dada yangu,

Siandiki kwamba nilikuonya.

Nimemsomea Mendel. Sikupanga, aliniona uso akaomba nisome. Aliposikia ya baiskeli akaondoka mezani akaenda kusimama uani, na aliporudi akasema, "Waandikie waje. Wote wawili. Chumba cha nyuma kinatosha." Hajawahi kusema hivyo miaka ishirini hii, na nadhani hata wewe ulikuwa unajua kwa nini sijawahi kukukaribisha. Kaka zake wote wanne walikufa kwa sababu hawakutaka kuitwa kwa majina mengine. Mtu aliyebadilisha jina akabaki hai, na akamtia mwanawe maji ya ubatizo, kwake ilikuwa vigumu. Sasa nimekuambia, na yeye amesema mje, kwa hiyo yamekwisha.

Serikali ya huko itasema lazima mwombe kwenda Israeli. Ombeni hivyo hivyo. Mkishafika Vienna kuna watu wanaosaidia, na mimi nitatuma makaratasi yote huko.

Witek akitaka kuniandikia, aandike. Asipotaka, mwambie tu mama yake mdogo anafuma sweta nyingine na anahitaji kujua kama kifua kimepanuka.

Fryma


Melbourne, 2 Agosti 1968

Kazia,

Barua tatu nimekutumia, hujajibu hata moja. Sijui kama zinaishia kwenye meza ya mtu au zinaishia kwako. Baridi imeingia, Rebeka ana kikohozi, Mendel mzima. Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie tu kwamba mvua inanyesha.

Fryma


Łódź, 1 Septemba 1968

Mdogo wangu,

Mvua inanyesha.

Barua zako zilifika, moja ikiwa imebandikwa upya na gundi mbaya. Nisamehe. Sikuwa na la kukuandikia ambalo ningeweza kulisoma mwenyewe. Mpe pole Rebeka, anywe maziwa moto na asali.

Witek alikwenda kwa Wajnryb mwezi wa Mei, sikujua. Nimeyajua kwa mhandisi mwenyewe, nilipokwenda kuwasaidia kufunga mizigo. Mke wake alikuwa anafunga vikombe kwa magazeti yale yale yanayowatukana. Mhandisi akaniambia, "Kijana wako alikuja. Alisimama mlangoni kama anayengoja kupigwa. Nikampa chai."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kwa nini sikufungua mdomo pale ukumbini. Ningesema neno moja tu, anasema, angenyamaza. Nikamwambia, ningesema, jioni ungerudi kwa mama gani?"

Nilikuwa nimeshika sahani, nikaiweka chini. Nikamwambia, "Szymon, sijui nikushukuru kwa maneno gani." Akasema, "Usinishukuru. Mfundishe kunywa chai, kijana anatia sukari kama farasi." Wameondoka katikati ya Agosti, wamekwenda Denmark. Mhandisi wa rangi mwenye miaka hamsini na minane, hajui neno la Kidenmark.

Sasa ya Witek. Mwezi Juni walifanya mkutano mwingine, safari hii juu ya bibi mmoja wa idara ya mishahara, mjane. Karatasi akapewa Witek tena. Alipanda jukwaani. Nilikuwa safu ya sita. Akaikunja ile karatasi mara mbili akaitia mfukoni, akasema, "Kama mnamwandika huyu mama, niandikeni na mimi. Mimi ni Myahudi kwa mama yangu."

Mtu mmoja alicheka, alidhani ni utani. Halafu ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Fryma, tangu nitoke nyuma ya lile jiko nimeishi nisitazamwe. Nilikaa. Niliweka mikono magotini nikakaa. Yeye hakuniuliza kabla, lakini na mimi kuna mengi sikumuuliza, kwa hiyo sina la kulalamika.

Alifukuzwa siku ile ile. Mimi walinitoa kwenye ufumaji, sasa nafagia vumbi la pamba chini ya mashine. Mlangoni kwetu waliandika kwa chaki neno ambalo siliandiki hapa. Mama Sobczak alilifuta kwa kitambaa kilicholowa, halafu akaja akaniambia, "Mimi nilijua siku zote, bi Kazia, unatia vitunguu vingi mno kwenye samaki." Sijui kama alikuwa ananifariji au ananiambia amenishika. Labda yote mawili.

Jola alikuja mara moja. Hakukaa. Alisema, "Mama, mimi mwenyewe sina neno, lakini nyumbani..." akaishia hapo, akachukua shela yake iliyokuwa kwenye cherehani yangu. Harusi ilikuwa iwe mwezi huu. Witek hajamtaja tena.

Ameomba kuondoka. Kuomba kwenyewe ni kuukana uraia, unaandika kwa mkono wako kwamba hutaki tena kuwa raia wa Poland. Aliandika pale pale mezani. Mimi nitabaki. Kaburi la Staszek linahitaji mtu, na mikono yangu hii nani ataiajiri huko. Mpokeeni vizuri, hali uyoga.

Kazia


Melbourne, 20 Septemba 1968

Dada,

Kaburi linafagiliwa na mlinzi kwa chupa moja ya vodka. Mikono inayofagia pamba itaweza kukaa kwenye kiti jikoni kwangu. Usinifanye mjinga. Ukweli ni upi, kwa nini huji naye?

Fryma


Łódź, 13 Oktoba 1968

Mdogo wangu Fryma,

Habari za huko? Sisi wazima.

Hakuniomba.

Kazia


Melbourne, 1 Novemba 1968

Dada yangu mpenzi,

Nimekaa na barua yako mfukoni mwa aproni siku nyingi, nikiwa kwenye cherehani naigusa.

Kuna jambo uliniuliza mwaka wa arobaini na nane, kwenye barua yako ya kwanza kabisa, na sikukujibu, na hukuuliza tena. Uliuliza kama nyumbani walikuwa wanakutaja. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na wivu. Mimi ndiye niliyekuwa nao pale getoni, mimi ndiye niliyepanga foleni ya supu, na wao walikuwa wanakutaja wewe. Mama alipokuwa amelala hawezi tena kuinuka, alikuwa anasema, "Angalau mmoja yuko nje." Alikuwa anasema hivyo mbele yangu. Baba ananikonyeza nisihuzunike, halafu na yeye anageukia ukuta anatabasamu. Hakuna aliyesema umetutoroka. Hakuna, dada. Walikuwa wanashiba kwa kukujua upo nje.

Basi usingoje kuombwa. Mwombe wewe.

Fryma


Łódź, 8 Desemba 1968

Mdogo wangu Fryma,

Shikamoo kwa shemeji, nakuombeeni afya wote. Natumaini kikohozi cha Rebeka kimepona. Theluji imeanguka tangu Jumanne, laini, haijakanyagwa. Nyumba ina nafasi kubwa. Nimehamishia kitanda changu chumba cha Witek, kuna jua kidogo asubuhi.

Nilimwomba, kama ulivyosema. Barua yako kuhusu mama niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, kisha nikaenda mlangoni kwake nikabisha hodi. Nyumba yangu mwenyewe, Fryma, nikabisha hodi. Nikamwambia, "Witek, nataka kuja na wewe. Nakuomba."

Hakunijibu kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Alisogea kitandani nikae, akasema, "Mama, maisha yangu yote nimekuwa mtu uliyemshona wewe. Sikulaumu, najua uliona nini. Ila nikienda na wewe, kila nitakapokuangalia nitakuwa nakuuliza niwe nani. Niache nifike kwanza."

"Halafu?"

"Halafu sijui."

Nikamwambia sawa. Nikamfungia mkate wa ngano wa safari, hautaki, nikautia tu.

Treni zao zinatoka Warsaw, stesheni ya Gdański. Nilimsindikiza. Wanaume wa forodha walikuwa wanapasua mito kutafuta dhahabu, manyoya yanaruka, mama mmoja anayakusanya kwa mikono kama kuku ndio wamekimbia. Cheti alichopewa Witek kimeandikwa kwamba mwenye nacho si raia wa Poland. Hakisemi ni raia wa wapi. Katika umati ule kulikuwa na maprofesa na washonaji na wazee wasioweza kupanda ngazi za behewa, na pembeni marafiki zao Wapoland, baadhi wanalia wazi wazi na baadhi wamesimama mbali ili wasionekane. Askari walikuwa wamejipanga ukutani wanapiga picha nyuso za waliokuja kuaga.

Jola hakuja. Witek alikuwa anaangalia mara kwa mara upande wa lango, akidhani simwoni.

Tuliagana kwa mkono. Alinishika mkono kama unavyomshika mkono mwalimu. Nikamfunga skafu shingoni, akaniacha nimfunge, hilo akaniacha. Akapanda. Nilimwona anapita madirisha, la kwanza, la pili, akapata kiti upande wa pili nisikomwona, nikawaza, basi, imekwisha, umeshaachwa, Kazia, nenda nyumbani.

Treni ikaanza kusogea. Watu wakaanza kutembea nayo. Mimi sikutembea. Halafu dirisha moja likashushwa kwa nguvu, nikamwona ametoa kichwa na bega, anawasukuma watu, anatafuta uso wangu, na aliponiona akapaza sauti:

"Mama! Babu aliitwa nani?"

Fryma, miezi yote ile. Nilimwambia jiko, nilimwambia Łowicz, nilimwambia wewe. Jina la baba sikumwambia, na yeye hakuuliza. Hata wewe sijawahi kukuandikia jina lile, wala wewe kwangu. Halikuwa limetoka kinywani mwangu tangu usiku Staszek aliponitoa nje ya mlango wa baba, na nilikuwa nimeapa halitatoka. Na askari pale na kamera zao, na mimi ninarudi kesho kwenye kiwanda kile kile, kwenye ngazi ile ile.

Nikakimbia. Mimi na magoti haya. Nikaweka mikono mdomoni nikapiga kelele: "Lajzer! Lajzer Birnbojm! Fundi kofia, mtaa wa Wschodnia! Lajzer Birnbojm!" Nililitaja mara nyingi sana, mpaka jukwaa la stesheni likaisha, mpaka mwanamke mmoja nisiyemjua akanishika kiunoni nisije nikaanguka relini. Nilikuwa bado nalitaja na behewa la mwisho limeshapita.

Sijui kama alisikia. Injini ilipiga honi wakati ule ule. Nilimwona ameinua mkono, lakini mkono unaweza kuinuliwa kwa kwaheri tu.

Atakaa Vienna wiki kadhaa, halafu mtamwona. Hatapenda kuzungumza, msimlazimishe. Mpe chumba, mpe chai, sukari usimhesabie. Akishatulia, muulize kama alisikia. Na kama hakusikia, mwambie wewe, mdogo wangu. Mwambie taratibu, neno moja moja, mpaka aweze kulitamka.

Dada yako